Mke Anapoonewa na Meneja: Msaada Unaoanzia Nyumbani

Uonevu wa meneja ni tofauti na ukali wa kazi. Meneja anayedai kilo za majani ya chai zitimie, anayekemea uchelewaji au anayetoa barua ya onyo kwa kosa lililothibitishwa anafanya kazi yake, hata kama hacheki na mtu. Uonevu huanza pale mamlaka yanapotumiwa mara kwa mara kumdhalilisha mtu: kufokewa mbele ya wenzake, kupewa kazi isiyowezekana kisha kulaumiwa kwa kushindwa, kubadilishiwa zamu bila kuarifiwa, kutishiwa kila mwisho wa mwezi kwamba mkataba hautaongezwa. Hali iliyoelezwa na msomaji wa Silibwet, Kenya, ambaye mkewe ni karani katika kiwanda cha chai, ni ya namna hiyo. Kwa miezi kadhaa meneja amekuwa akimtukana mbele ya madereva na wapimaji wa majani, na sasa mke huyo halali usiku. Mume anauliza kama aende kumkabili meneja, amwambie mkewe aache kazi, au amsihi avumilie.

Hakuna kati ya hayo matatu linalofaa kuwa la kwanza. Kazi ya kwanza ya mwenzi ni kulinda afya ya anayeonewa, na kumwachia yeye uamuzi kuhusu kazi yake.

Afya huumia kwa njia inayojulikana vizuri. Meneja anapofoka, tezi za adrenali humwaga adrenalini na kotisoli mwilini. Moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda, misuli hukaza. Hatari ikipita, homoni hizo hushuka na mwili hutulia. Anayefokewa kila siku hapati utulivu huo, kwa sababu hata akiwa kitandani bado anaisubiri kesho. Matokeo yake ni usingizi wa mang'amung'amu, kichwa kuuma, shingo kukakamaa, hamu ya chakula kupotea au kuzidi, na kusahau mambo madogo. Na kusahau huko huzaa makosa kazini, ambayo meneja huyageuza kuwa sababu mpya ya kufoka.

Mara nyingi mwenzi huziona dalili kabla ya mgonjwa mwenyewe. Jumapili jioni, nguo za kazi zinapopigwa pasi, tumbo linaanza kuuma. Simu ikilia, mtu anashtuka. Watoto wakimwaga maziwa kidogo, anawakaripia kisha analia. Wanaume wanaoonewa huficha zaidi: wengine hupitia kwenye pombe kabla ya kufika nyumbani, na mke huhisi ameletewa ugomvi usio wake.

Maumivu ya tumbo yanahitaji neno la ziada, kwa kuwa watu wengi hununua dawa za vidonda vya tumbo dukani mwezi baada ya mwezi. Msongo wa mawazo huzidisha maumivu, lakini vidonda vyenyewe mara nyingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa za kupunguza maumivu. Vidonda hivyo hupimwa na kutibiwa. Shinikizo la damu nalo lipimwe. Watu wa Silibwet wana Hospitali ya Tenwek karibu nao, na hospitali ya rufaa ya kaunti iko Longisa. Kwenda huko mapema kuna faida nyingine: rekodi ya daktari, yenye tarehe, inaweza kuwa ushahidi baadaye.

Nyumbani, msaada mkubwa ni kusikiliza bila kutoa hukumu. Anayerudi amefedheheshwa hahitaji kuulizwa kwanza, "Kwani ulifanya nini?" Swali hilo humfanya ajitetee kwa mara ya pili siku hiyo hiyo, safari hii mbele ya mtu aliyemtegemea. Linalomfaa ni kuambiwa kwamba ameaminiwa, kisha kuulizwa kama anataka ushauri au anataka tu kusikilizwa. Yafaa pia mazungumzo hayo yawe na mwisho. Nusu saa baada ya chakula inatosha. Baada ya hapo meneja asiendelee kutajwa, kwani nyumba inayomzungumzia hadi usiku wa manane humpa nafasi hata chumbani. Usingizi ulindwe kama dawa: kazi za alfajiri zigawanywe upya, mume akamue ng'ombe au awaandae watoto wa shule, chai na kahawa zipunguzwe kuanzia alasiri, simu iwekwe mbali na kitanda.

Neno "vumilia" husemwa kwa nia njema, hasa na wazee wanaokumbuka jinsi kazi ilivyo adimu. Kwa anayeonewa, neno hilo lina maana kwamba ameachwa peke yake. Mume kwenda ofisini kufoka kuna madhara yake pia. Meneja hupata sababu ya kudai kwamba mfanyakazi ameleta fujo kazini, wenzake hukaa mbali naye, na mke hujikuta na wanaume wawili wanaoamua juu yake bila kumuuliza. Hasira ya mume ni ya haki, lakini iwe na kazi ya kufanya.

Kazi hiyo ni kusaidia kuweka kumbukumbu. Daftari la kawaida la shule linatosha, mradi likae nyumbani. Kila tukio liandikwe siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, waliokuwepo, na hali ya mwili baadaye. Sentensi kama "saa mbili asubuhi, mahali pa kupimia majani, mbele ya wapimaji wawili" ina uzito kuliko kurasa kumi za "ananichukia". Ujumbe wa simu uhifadhiwe kwenye simu ya pili. Nyaraka za siri za kiwanda zisitolewe, kwani kuzitoa kunaweza kuwa kosa la kumfukuzisha mtu kazi.

Daftari likishakuwa na matukio kadhaa, malalamiko huandikwa kwa barua kwenda idara ya wafanyakazi au kwa bosi aliye juu ya meneja, na nakala ibaki ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi ahusishwe. Katika mashamba makubwa ya chai chama kinachojulikana ni KPAWU. Ikishindikana, kuna ofisa wa kazi wa serikali, na baada yake Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo husikiliza kesi Kericho. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake katika kifungu cha 28, na haki ya kutendewa ipasavyo kazini katika kifungu cha 41. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 46, inasema kwamba kulalamika dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumfukuza mtu, isipokuwa malalamiko yawe hayana msingi.

Uonevu ukiwa wa kingono, sheria ni wazi zaidi. Kifungu cha 6 cha Sheria hiyo ya Ajira kinaupiga marufuku na kumtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi. Eneo la chai linajua kwa nini kifungu hicho ni muhimu. Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 walisema walinyanyaswa na wasimamizi katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, na Bunge la Kenya likaanzisha uchunguzi wake. Wengi walikuwa wamenyamaza kwa kuogopa kukosa kazi. Katika hali hiyo mume asimuulize mkewe kwa nini alichelewa kusema. Simu ya bure ya 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia mchana na usiku.

Kuacha kazi ni jambo zito zaidi katika eneo la chai kuliko mjini. Anayeishi katika nyumba ya kampuni akipoteza kazi hupoteza na nyumba, na mara nyingi watoto hulazimika kubadilisha shule. Kwa hiyo familia ipige hesabu mapema, kabla ya siku ya hasira: akiba iliyopo, mkopo wa chama cha akiba unaodaiwa, bonasi ya majani kama kuna shamba dogo, mahali pa kuhamia. Hesabu hiyo yenyewe hupunguza hofu, maana anayejua kwamba ana mlango wa kutokea habanwi sana. Asijiuzulu kwa maneno wala bila kueleza sababu. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilikubali mwaka 2015 kwamba mfanyakazi aliyelazimika kuondoka kwa sababu mwajiri amevunja mkataba vibaya anaweza kuhesabiwa kuwa amefukuzwa. Barua yake ya kuondoka ndiyo itakayosomwa kwanza. Aliyefukuzwa isivyo haki ana miezi 3 kumfikia ofisa wa kazi, na kesi ya ajira hufunguliwa ndani ya miaka 3.

Kuna dalili ambazo hazisubiri barua wala daftari. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kwa wiki mbili au zaidi ni dalili ya sonona, na sonona hutibika. Maneno kama "ni heri nisingekuwepo" yachukuliwe kwa uzito. Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpi wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema. Asiachwe peke yake, dawa za shambani na za kuogeshea ng'ombe zifungiwe au zipelekwe kwa jirani, na afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199. Hofu ya polisi isimzuie mtu: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba.

Anayesaidia naye huchoka. Mume anayebeba siri hii peke yake kwa miezi huanza kukosa usingizi na subira, kwa hiyo awe na mtu mmoja wa kuongea naye, ambaye mkewe amekubali ajue. Kwa msomaji wa Silibwet, mkewe amekosa usingizi kwa muda mrefu mno. Amsindikize hospitalini wiki hii, na barua ya malalamiko ifuate atakapokuwa tayari.