Folati kama Msaidizi wa Dawa za Sonona

Folati ni vitamini ya kundi B, maarufu kama B9, ambayo binadamu huipata kwa kula. Imo kwa wingi katika mchicha, matembele, maharage, kunde, dengu, parachichi na maini. Mboga ikichemshwa muda mrefu kisha maji yake yakamwagwa, sehemu kubwa ya folati hupotea nayo. Asidi ya foliki ni folati ya kiwandani, ndiyo iliyomo katika vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 400 za folati kwa siku, na mjamzito 600.

Vitamini ya damu inahusiana vipi na huzuni isiyoisha, usingizi uliopotea na mwili uliokosa nguvu? Folati husaidia kugeuza homosisteini kuwa methionini, na mnyororo unaoanzia hapo ndio unaouwezesha ubongo kutengeneza serotonini, dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka taarifa kati ya seli. Dawa ya sonona kama fluoksetini haitengenezi serotonini. Kazi yake ni kuzuia ile iliyokwisha kutolewa isirudishwe haraka ndani ya seli. Ndiyo maana wataalamu walihisi kwamba mgonjwa aliyepungukiwa folati huenda asinufaike vya kutosha na dawa yake, na kweli baadhi ya tafiti zimeonyesha kuwa wagonjwa wa aina hiyo huchelewa kupata nafuu.

Majaribio yaliyofuata yametoa majibu yasiyofanana. Mwaka 2000, nchini Uingereza, wagonjwa 127 walipewa fluoksetini miligramu 20 kwa siku. Nusu yao waliongezewa mikrogramu 500 za asidi ya foliki, wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya wiki 10, wanawake walioongezewa folati walikuwa wamepata nafuu kuliko wenzao, lakini kwa wanaume tofauti haikuonekana. Jaribio kubwa zaidi, lililofanyika Wales na kuchapishwa mwaka 2014, liliwahusisha wagonjwa 475, ambao baadhi yao waliongezewa miligramu 5 za asidi ya foliki kwa siku kwa wiki 12. Hao hawakupata faida yoyote ya ziada. Huko Marekani aina nyingine, methilifolati, ambayo mwili huitumia bila kuibadilisha kwanza, ilijaribiwa kwa watu ambao dawa zao hazikuwa zimewasaidia vya kutosha. Kwa matokeo yaliyotolewa mwaka 2012, miligramu 15 kwa siku zilisaidia; miligramu 7.5 hazikusaidia.

Kwa ushahidi huo, folati haistahili kugawiwa kila mwenye sonona. Mwenye sababu nzuri zaidi ya kuitumia ni yule ambaye vipimo vimeonyesha amepungukiwa, na kwake kidonge ni nyongeza tu. Dawa ya sonona na mazungumzo na mtaalamu huendelea kama kawaida. Kuacha dawa ghafla kwa kutegemea vitamini ni hatari, kwani sonona inaweza kurudi kwa nguvu, pamoja na mawazo ya kujiua.

Usalama wa folati una mpaka wake, na hapa tahadhari inahitajika kweli. Asidi ya foliki kwa kiwango kikubwa inaweza kurekebisha upungufu wa damu uliosababishwa na ukosefu wa vitamini B12, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Ganzi miguuni, kuyumba na kusahausahau huja baadaye, na madhara mengine hayarudi nyuma. Kwa hiyo B12 hupimwa kwanza, hasa kwa wazee, wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa, na wanaotumia metformini kwa muda mrefu. Anayetumia fenitoini kwa kifafa naye amweleze daktari, kwa sababu folati inaweza kupunguza kiwango cha dawa hiyo mwilini na kurudisha degedege.

Kwa wajawazito wanaopewa dawa ya SP (sulfadoksini-pirimethamini) ya kuwakinga na malaria, kiwango cha kidonge ni jambo kubwa. Miligramu 0.4 za asidi ya foliki kwa siku hazina tatizo. Miligramu 5, kidonge kinachouzwa katika maduka mengi ya dawa, zinaweza kudhoofisha SP, kwa sababu dawa hiyo humuua kimelea wa malaria kwa kumnyima folati hiyohiyo. Mjamzito mwenye sonona asijinunulie kidonge hicho kabla ya kuulizia kliniki.