Mserereko wa zamani: anza na chemchemi, sio bomba

Vijana wangu wa Njombe na Makambako, msikimbilie kununua bomba jipya. Nenda kwanza kwenye chemchemi mwezi wa kumi. Kipimo cha masika kinadanganya. Kinga ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 40, una lita 43,200 kwa siku. Ikichelewa zaidi, punguza miche ya parachichi, usilazimishe.

Zoa tope kwenye chemba, badili chujio. Mabondeni weka koki ya kutolea tope, vilimani valvu ya kutolea hewa. Mikaratusi iliyo ndani ya mita 60 kata, panda mivengi. Kibali cha maji kaombe ofisi ya bonde. Na kumbuka, jirani wa chini naye anakunywa hapo hapo.