Foleni ya Sambusa Kabla ya Adhana

Mwezi wa Ramadhani ukiandama, mitaa ya Mombasa hujaa meza za futari, na huku kwetu Majengo kuna meza moja ya sambusa ambayo kuanzia alasiri haikosi watu. Karai liko nje barazani, mama mwenyewe anakaanga, mabinti wako ndani wanazifunga sambusa. Mimi ndiye hutumwa na watu wa nyumbani, kwa hivyo foleni ile naijua.

Ukifika, usihesabu watu. Tazama wameshika nini. Mtoto mwenye noti iliyokunjwa kiganjani katumwa sambusa tano au sita, atahudumiwa na kuondoka mbio. Mwenye hotpoti ndiye wa kumwogopa: huyo ana wageni, na karai zima laweza kuishia kwake. Nikiwaona wenye hotpoti wawili wamefuatana, huenda kwanza kununua tambi na kaimati, kisha nikarudi.

Jambo la pili ni karai lenyewe. Sambusa zikitiwa, mafuta huchachamaa kwa kelele, maana manda na nyama vina maji. Maji yakipungua, kelele nayo hupungua, povu huwa dogo, na hapo ujue zimekaribia. Mama huyu huzigeuza kwa mwiko wa matundu, hutoa moja, huigonga ukingoni mwa karai asikie kama imekauka, ndipo huzihamishia zote kwenye chujio. Muuzaji mwenye haraka hujaza karai mpaka pomoni. Mafuta hupoa, manda hunywa mafuta, na wewe ukifika nyumbani unafuturu kitu kilicholegea. Meza ya namna hiyo hata ikiwa haina foleni, mimi hupita tu.

Saa nzuri kwangu ni kama saa 11 jioni. Ukienda saa 10 utapata nafasi tele, lakini zitapoa kabla hujafuturu. Kuanzia saa 12 kasorobo ni vurugu, maana jua la hapa huzama saa 12 na dakika zake mwaka mzima, na kila mtu anajua hesabu hiyo. Waliochelewa waulizie sambusa mbichi. Wauzaji wengi huwa nazo zikisubiri karai, na utakwenda kuzikaanga mwenyewe.

Beba chombo chako. Mifuko ya plastiki Kenya ilipigwa marufuku mwaka 2017, na hata ingalikuwepo nisingalitia sambusa moto humo. Mvuke ukikosa pa kutokea hurudi kwenye manda. Mimi hubeba sufuria iliyotandikwa karatasi, kifuniko nakiacha wazi kidogo. Ukwaju omba uwekwe kando. Kulipa kwa simu ni sawa, ila hakikisha salio lako mapema, maana hakuna ghadhabu kama ya watu waliofunga wakikungoja wewe na mtandao.

Kuhusu nafasi: "Nishikie, naenda kuswali," hakuna anayekataa. Lakini kumpa aliye mbele pesa zako akuongezee za kwako, hiyo ndiyo fitina yenyewe. Aliye nyuma yenu anawaona, hata akinyamaza. Ukiombwa, sema kwa adabu, "Samahani dada, hapa tuko wengi." Kina mama wa nyuma watakuunga mkono, tena kwa sauti.

Tia tende chache mfukoni. Adhana ikikukuta bado umesimama, fungua hapo hapo na umpe jirani yako. Foleni hutulia kidogo wakati huo, na muuzaji mwenyewe naye apate kunywa maji.

Na tafadhali, ukishafika mbele, jua unataka ngapi za nyama na ngapi za kuku. Usianze kupiga simu nyumbani kuuliza.