Mvuke wa Mtambo wa Kahawa Huunguza

Fundi anayekarabati mtambo wa espreso aghalabu huogopa umeme, akasahau mvuke. Maji ndani ya tangi la kuchemshia hufikia takriban nyuzijoto 120 kwa kuwa yamebanwa. Tangi likifunguliwa, hufumka papo hapo yakawa mvuke. Kuzima swichi hakuondoi presha hiyo. Chomoa plagi, subiri mtambo upoe, kisha fungua bomba la mvuke hadi linyamaze, ndipo ulegeze nati.

Vali ya usalama inayovuja hubadilishwa, haizibwi. Wapo wanaoikomelea skrubu! Wakati wa majaribio usiinamie mtambo ulio wazi.

Ukiungua, tiririshia maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala siagi. Lengelenge likitokea usoni au mkononi, nenda hospitali.