Namna ya Kuanza Kusaidia Debian

Wenzangu wengi hudhani kuwa mfumo endeshi, yaani programu kuu iendeshayo kompyuta nzima, hutengenezwa na mabingwa wa makampuni makubwa tu. Sivyo. Debian ilianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, naye alikuwa na umri wa miaka 20. Tangu hapo yajengwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi.

Asiyejua kuandika programu aanzie wapi? Aanze kwa kuarifu hitilafu. Katika mkataba wao wa mwaka 1997, watu wa Debian waliahidi kutoficha kasoro za kazi yao; kwa hiyo kila taarifa hupewa namba, na mtu ye yote aweza kuisoma. (Basi angalia unachoandika, maana hata anwani yako ya barua pepe itaonekana!)

Mimi nilianza vibaya. Programu ya kuandikia katika kompyuta ya maktaba ilikuwa ikijifunga, nami kwa hasira nikaandika: "Programu hii ni mbovu, itengenezeni." Nikajibiwa kwa upole: Ni toleo gani? Ulikuwa ukifanya nini? Ulitazamia nini, na kikatokea nini? Sikuwa na jibu hata moja. Naliona haya.

Ikanibidi kurudi maktaba jioni tatu. Nilifungua faili moja baada ya nyingine, nikiandika kila hatua katika daftari kama tufanyavyo maabara, hata nikagundua kuwa hujifunga pale tu unapobandika picha ndani ya jedwali. Ndipo nikaandika upya. Mistari ya kwanza ya taarifa sharti itaje jina la kifurushi cha programu na toleo lake. Iko programu iitwayo reportbug ambayo hukujazia hayo, tena hukuonyesha hitilafu zilizokwisha kuarifiwa, usije ukarudia ya mwenzio. Na usichanganye: taarifa moja, hitilafu moja.

Wako pia wanaosaidia kwa kutafsiri maelezo, ila kazi hiyo yataka watu wawili watatu wa kusahihishana.

Hitilafu yangu bado haijatengenezwa. Lakini mtu mmoja nisiyemjua ameandika chini yake kuwa amefuata hatua zangu zote sita, na kwake pia programu imejifunga. Kila Jumamosi maktaba ifunguliwapo, naitazama kwanza namba yangu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne