Mafundi Kwanza, Mtambo Baadaye

SWALI: Bwana Mhariri, taifa linaloazimia kuzalisha umeme wa nyuklia lianze lini kuwafundisha watu wake?

JIBU: Ndugu muulizaji, lianze kabla jiwe la msingi halijawekwa. Falme za Kiarabu zilipofunga mkataba na Wakorea mwaka 2009 wa kujenga vinu vinne huko Barakah, hazikungoja saruji imwagwe, bali ziliwapeleka vijana wao vyuoni, nyumbani na ng'ambo, hata kinu cha kwanza kilipotoa umeme mwaka 2020, miongoni mwa waendeshaji wenye idhini walikuwamo wenyeji.

Wala usidhani haja ni ya wanafizikia peke yao. Aghalabu wanaohitajika zaidi ni mafundi umeme, wachomeleaji wa vyuma, makanika wa pampu na wapimaji wa mnururisho. Mwendesha kinu naye hujizoeza muda mrefu katika chumba cha mfano, akikabili hatari za kuigiza, ndipo akabidhiwe amana ile. Juu ya ilimu yote iko tabia ya kukiri kosa bila kulificha.

Basi nawasihi wenye mamlaka waanzie kwenye skuli za ufundi, kwani mtambo hununuliwa, lakini fundi hana budi kulelewa.