SOMO LA WANACHAMA: MAPANGO YENYE MAJI NA MAANDALIZI YA KUPIGA MBIZI

Madhumuni ya somo

Wahenga walisema kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii yamfaa kila mtu, lakini yavihusu zaidi vyama vya msingi vya pwani na visiwani, ambavyo ardhi yake imekaa juu ya jabali la matumbawe. Jabali hilo limejaa matobo. Katika vijiji vingi lipo pango lenye maji chini yake, na maji hayo yamechotwa tangu enzi za mababu. Siku hizi hufika pia wageni wenye mitungi ya hewa, wakiulizia njia ya kwenda pangoni na wakiwa tayari kulipa. Hapo katibu wa chama hutakiwa kujibu swali moja: je, waruhusiwe au wasiruhusiwe?

Somo hili lina madhumuni matatu. Kwanza, kuonyesha jinsi chama kinavyoweza kuyatambua na kuyaandikisha mapango ya eneo lake. Pili, kueleza kwa nini mbizi ya pangoni si sawa na mbizi ya baharini. Tatu, kutaja masharti ambayo chama kiyadai kabla mtu yeyote hajaingia. Somo halimfundishi mtu kupiga mbizi pangoni. Kazi hiyo hufundishwa na mwalimu mwenye cheti, ndani ya maji, kwa siku nyingi.

Asili ya mapango

Maji ya mvua yanapopita katika udongo huchukua hewa ya ukaa na kuwa na ukali kidogo. Ukali huo huyeyusha jiwe la chokaa polepole, kwa maelfu ya miaka, mpaka ufa mdogo ukawa njia na njia ikawa ukumbi. Mapango ya Amboni karibu na Tanga na yale ya vilima vya Matumbi katika Kilwa yamo katika mawe ya chokaa. Huko Kwale, mji wa Shimoni umepata hata jina lake kutokana na mapango yake. Katika Unguja yapo mapango ya Mangapwani na ya Jambiani, ambayo yana maji matamu ndani yake.

Lakini pango kuwa maarufu si hoja ya kuwa ni mahali pa mbizi. Mapango mengi ni makavu. Mengine yana kidimbwi cha kuogea tu, kisha njia hujibana katika mawe. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchunguza, na uchunguzi huo hufanywa kutoka nje.

Kuyatambua na kuyaandikisha

Kamati na ianze kwa wazee. Wao ndio wanaojua mashimo yaliyozibwa na vichaka, pango lililoangukiwa na ng'ombe, na pango la mizimu lisiloingiwa ovyo. Baada ya wazee, ardhi yenyewe hutoa dalili: kundi la popo litokalo ardhini jioni, miti iliyo mibichi wakati wa kiangazi palipo jiwe tupu, kisima kinachopanda na kushuka pamoja na bahari, na maji matamu yanayobubujika ufukweni wakati wa maji kupwa.

Kila pango lipatikanalo liandikwe katika daftari. Yaandikwe jina lake, mwenye shamba lilimo, matumizi ya maji yake na upana wa mlango. Kina cha maji kipimwe kwa kamba yenye jiwe, mpimaji akiwa amesimama pakavu palipo salama. Fimbo iliyotiwa alama iwekwe majini na isomwe kila siku kwa mwezi mzima, ili ijulikane maji hupanda kiasi gani wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu. Yaandikwe pia yanayotokea masika, kwani pango lililo tulivu mwezi Februari huweza kuwa mto mwezi Aprili.

Ladha ya maji nayo iandikwe. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, hivyo huelea juu yake. Mpiga mbizi anapopita mahali yanapokutana, huona kama aliyefunikwa macho kwa mafuta. Asiyeonywa mapema hushtuka, na mshtuko chini ya maji hula hewa.

Tofauti ya bahari na pango

Mvuvi hodari apatapo taabu baharini hutazama juu na kupanda. Pangoni, juu yake mna jiwe. Njia ya kutokea ni ile ile aliyoingilia, nayo yaweza kuwa ndefu na nyembamba.

Tena, sakafu ya pango huwa na tope laini lililotulia kwa miaka mingi. Teke moja la mguu hulitimua, na maji yaliyokuwa angavu kama kioo hugeuka maziwa kwa muda mfupi. Hapo taa haisaidii kitu. Aliyeshika kamba hutoka. Asiyeishika hupapasa ukuta akidhani anatoka, kumbe anazidi kuingia.

Jambo la tatu ni hewa, nalo ni la hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa shinikizo la ba 200 hubeba hewa ya lita 2,400. Mtu atumiaye lita 20 kwa dakika juu ya maji angeumaliza kwa dakika 120. Katika kina cha mita 10 shinikizo huwa mara mbili, na hewa ile ile hudumu dakika 60. Katika mita 30 huwa mara nne, na hudumu dakika 30 tu. Tena, kuanzia kina hicho hewa ya kawaida huanza kumlevya mtu, akapoteza hukumu njema asijue kuwa ameipoteza.

Kwa sababu hiyo wapiga mbizi wa mapangoni huigawa hewa mafungu matatu: fungu moja la kuingilia, fungu moja la kutokea, na fungu moja la akiba. Wanachama wa ushirika hawatashindwa kuielewa akiba hiyo, maana si mali ya mgawo. Ni ya siku ya msiba, na mwenyewe halisi ni mwenzako. Ikiwa wawili wamefika mwisho wa safari na mtungi wa mmoja ukaharibika, mafungu mawili yaliyobaki katika mtungi wa pili ndiyo yatakayowatoa wote wawili, fungu moja kwa kila mtu. Hakuna ziada hata kidogo. Wakichelewa kwa tope au kwa mkondo, hawatoshelezwi. Ndiyo maana wenye busara hurudi hata kabla fungu la kwanza halijaisha.

Mafunzo kutoka kwingine

Mwaka 1984, katika ziwa lililomo ndani ya mapango ya Sterkfontein, Afrika Kusini, mpiga mbizi mmoja aliachana na kamba na kupotea. Alipata ukumbi wenye hewa chini ya ardhi akapanda pakavu. Wenzake walimtafuta wasimwone. Alipopatikana majuma kadhaa baadaye, alikuwa amekwisha kufa kwa njaa. Hakufa maji, alikufa kwa kukosa kamba.

Tarehe 23 Juni mwaka 2018, vijana 12 wa mpira na mwalimu wao waliingia pango la Tham Luang, Thailand, kwa miguu. Mvua ikanyesha na maji yakaziba njia nyuma yao. Walionekana wakiwa hai tarehe 2 Julai, na wote 13 walitolewa kati ya tarehe 8 na 10 Julai. Lakini tarehe 6 Julai mpiga mbizi mmoja, aliyekuwa askari wa jeshi la majini, alikufa akirudi kutoka kupeleka mitungi ya hewa. Pango halikuuliza ushujaa wake wala wema wa kazi aliyokuwa akiifanya.

Masharti matano

Mmarekani Sheck Exley, aliyepiga mbizi katika mapango ya Florida, alichapisha mwaka 1979 kijitabu kilichochambua ajali za mapangoni na sababu zake. Kutokana na uchambuzi wa namna hiyo yamepatikana masharti matano ambayo hufundishwa hadi leo:

1. Mafunzo. Asiingie mtu asiye na cheti cha mbizi ya pangoni. Cheti cha mbizi ya baharini hakitoshi, hata kama mwenyewe ni mwalimu wa baharini.

2. Kamba. Iwepo kamba moja isiyokatika tangu penye maji wazi nje ya pango hadi mwisho wa safari.

3. Hewa. Isitumike zaidi ya theluthi moja kwa kuingia.

4. Kina. Mtu asizidi kina alichofundishwa, wala kina kinachofaa kwa hewa iliyomo katika mtungi wake.

5. Taa. Kila mmoja awe na taa tatu. Moja ikizimika, safari imekwisha, wote hurudi.

Juu ya hayo ipo desturi moja: mtu yeyote katika msafara aweza kuivunja safari wakati wowote, bila kutoa sababu na bila kulaumiwa. Exley mwenyewe alifariki mwaka 1994 katika shimo la maji la Zacatón, Mexico, akitafuta kina kikubwa mno. Ujuzi hupunguza hatari, hauiondoi.

Wajibu wa chama

Chama kisitoe ruhusa kabla ya kuwa na ridhaa ya mwenye shamba, ya wazee na ya serikali ya mahali. Penye mabaki ya kale, idhini ya wahusika wa mambo ya kale ni lazima. Penye maji ya kunywa, neno la wanaochota ndilo la mwisho, kwani mafuta ya ngozi na uchafu wa vyombo huharibu maji ya kijiji kizima.

Wageni waandike saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mtu mmoja akae mlangoni na daftari na simu. Ijulikane mapema hospitali iliyo karibu iko wapi, gari lipi litatumika, na chumba cha shinikizo cha kutibu wapiga mbizi kinapatikana wapi. Saa ikipita, kijana wa kijiji asirukie majini kuokoa. Waitwe wenye ujuzi. Mara nyingi anayeingia bila ujuzi huongeza maiti ya pili.

Mashine ya kujazia hewa mitungi isivute moshi wa injini yake, wala pampu ya petroli isiwashwe ndani ya pango hata kwa kumwagilia mashamba. Moshi huo una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, nayo huua kimya kimya. Vivyo hivyo hewa iliyofungika katika vyumba vya ndani isiaminiwe.

Popo nao wasichezewe. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alikufa kwa homa ya Marburg baada ya kuingia Pango la Chatu katika msitu wa Maramagambo, Uganda, lenye popo wengi.

Mfano wa kujadili

Ichukuliwe kuwa wageni wawili wamefika ofisini siku ya Ijumaa. Wana mitungi, kamba na taa moja moja. Wana vyeti vya mbizi ya baharini. Wanataka kuingia siku ile ile kabla ya meli yao, nao watatoa mchango mkubwa kwa mfuko wa chama. Wamemwomba pia kijana wa chama, mpiga mbizi hodari wa kaa na pweza, awaongoze mpaka ndani. Paa la ghala linavuja, na fedha hizo zingelitengeneza.

Katibu mwenye daftari na masharti haoni tabu kujibu. Vyeti si vya pangoni. Taa ni pungufu. Haraka ni dalili mbaya. Na kijana haingii kabisa. Aweza kuwaonyesha mlango wa pango kutoka nje, kuwapokea kwa heshima, na kuwaambia warudi wakiwa wametimiza. Paa la ghala litatengenezwa kwa msimu mwingine. Mwana wa mtu haletwi na msimu.

Maswali kwa vikundi vya kujifunza

1. Katika eneo la chama chenu yapo mapango mangapi, na ni nani anayeyajua?

2. Mtungi una shinikizo la ba 210. Mpiga mbizi ageuke kipimo kikisoma ngapi? (Jibu: 140, au kabla yake.)

3. Kwa nini fungu la akiba la hewa hulinganishwa na akiba ya chama?

4. Kama katibu wa mfano uliotolewa angeshinikizwa na wajumbe wa kamati wapokee fedha, angewajibu nini?

Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikundi na kusomwa katika mkutano wa wanachama wote, kabla masika hayajaingia.